Joto Msukumie Mwenzio

Sisi tuliojifunza kompyuta kwenye vyumba vya intaneti vya miaka ya 2000 tulilikuta tangazo ukutani, limebandikwa kwa selotepu iliyoanza kubanduka: ni marufuku kuingia na maji, soda wala chakula. Mwenye duka aliweza kumvumilia anayepiga kelele, anayejaza virusi, hata anayelipia nusu saa akakaa saa nzima. Mwenye chupa ya maji hakumvumilia. Ulitolewa nje na dakika zako zikabaki humo ndani. Kizazi kizima kikakua kikijua kwamba maji na kompyuta havipikiki chungu kimoja.

Kwa hiyo mtu wa kizazi hicho akitangaza nyumbani kwake kwamba anakusudia kutia maji ndani ya kompyuta, kwa hiari yake, akiwa na akili timamu, tena kwa vifaa alivyovilipia, asitegemee vigelegele. Mke wangu aliacha kumenya chungwa. Mama yangu, ambaye tunaishi naye hapa Sinza, aliniuliza kwa upole kama kazini kuna jambo linanisumbua.

Lilikuwepo, nalo ni joto. Mimi ni mhariri wa video za harusi, na harusi ya Dar es Salaam haiishi siku moja. Kuna kicheni pati, kuna sendofu, kuna ndoa yenyewe, kuna ukumbini, na siku hizi kuna kwenda ufukweni kupigwa picha mmevua viatu. Kamera tatu zinarekodi kila kitu, pamoja na mshereheshaji anayetaka kuonekana kuliko bwana harusi. Vyote hivyo humwagwa kwenye mashine yangu, na maharusi wanaitaka video kabla fungate haijaisha, maana baada ya hapo nani ana hamu nayo?

Mashine ina prosesa ya Intel Core i9-12900K. Ikikaa bila kazi ni mpole. Ikipewa harusi inaweza kuvuta hadi wati 241, na wati hizo hugeuka joto papo hapo, kwenye kipande kisichofika sentimita 5 kwa 5. Ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Ni busara, ila anayeilipia busara hiyo ni mimi. Kuanzia Oktoba hadi Machi hewa ya Dar es Salaam mchana hucheza kwenye nyuzi 30 na zaidi, na chumba changu cha kazi kina dirisha moja. Feni iliyokuwa juu ya prosesa ilinguruma hadi wateja kwenye simu wakawa wananiuliza nasafiri kwenda wapi. Huku kwenye skrini bibi harusi ameshika kisu cha keki, kisu kimeganda hewani, keki inasubiri, wazazi wa pande zote mbili wanasubiri, mshereheshaji ameachama kinywa. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, kisu hakijagusa keki.

Kuna watakaosema ningeweka kiyoyozi. Nyumba yetu ukiwasha kiyoyozi wakati mtu anapiga pasi, swichi kubwa inashuka yenyewe na mitaa yote ya nyumba inaingia gizani. Kati ya mimi kupoa na watoto kwenda shule na sare zilizonyooka, kura ilipigwa siku nyingi na nilishindwa.

Yakabaki maji. Ujazo uleule wa maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya hewa, ndiyo maana hakuna anayepoza injini ya lori kwa kuipepea. Juu ya prosesa linakaa bamba la shaba lenye vijia vyembamba ndani. Pampu inasukuma maji yapite humo, yachukue joto, yaende kwenye rejeta, feni ziipulize rejeta, maji yarudi yamepoa yaanze upya. Hakuna bomba la kuingilia wala la kutokea. Maji yaleyale, chini ya lita moja, yanazunguka usiku na mchana.

Ukiutazama mfumo huo kwa makini utaona si sayansi ngeni kwetu hata kidogo. Ni ofisi. Prosesa inaletewa joto, haitaki kukaa nalo, inalisukumia bamba la shaba. Bamba linasema hilo si la idara yetu, nenda dirisha la maji. Maji yanasema sisi tunapokea tu, anayeshughulikia ni rejeta. Rejeta inalikabidhi kwa feni, na feni inalitoa mlangoni. Ukiuliza ni nani kati yao aliyelimaliza lile joto, jibu ni hakuna. Limezungushwa. Na kila mmoja ameonekana yuko kazini.

Nilijaribu kumweleza mama kwamba jambo hili wakubwa walilianza zamani. IBM walikuwa wakipoza kompyuta zao kubwa kwa maji tangu miaka ya 1960. System/360 Model 91 ilikuwa mojawapo. Waliounda Cray-2 ya mwaka 1985 wao hawakuhangaika hata na mipira, waliizamisha mitambo yake ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme, ikafanya kazi humohumo. Mama alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Na hao maji yao yanatoka kisimani?"

Swali la haki. Maji ya kisima chetu yana chumvi kiasi kwamba sabuni inagoma kutoa povu.

Vifaa vililetwa na shemeji yangu, ambaye hufuata mzigo Dubai. Alileta bamba la shaba, pampu iliyounganishwa na tenki la plastiki ngumu inayoonyesha ndani, rejeta ndefu ya milimita 360 yenye feni zake tatu, mipira, na fitingi zinazong'aa utadhani za kuvalia. Kilichokosekana ni kulanti, chupa ya lita moja ya rangi ya buluu niliyoilipia kama vingine. Shemeji ni mtu mwangalifu. Aliona kitu cha gharama namna ile hakifai kurushwarushwa na wabeba mizigo, akaiweka kwenye begi la mkononi. Sheria ya begi la mkononi ilikuwa mililita 100. Ofisa wa ukaguzi akaiinua ile chupa, akaitikisa, akauliza ni nini.

"Nikamwambia ukweli, shemeji," alinisimulia. "Nikamwambia ni maji ya kompyuta."

Baada ya kauli hiyo hakuna alichosema kikasaidia. Chupa ilibaki huko, yeye akabaki na maswali, na ndege nusura ibaki naye.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana wa Kariakoo, hodari, mwenye bisibisi za sumaku na miwani ya jua kichwani. Alikaa sakafuni, akafungua ubavu wa mashine, akapuliza vumbi, akang'oa feni ya zamani, akafuta pesti iliyokauka na kupaka mpya kwa mkono usiotetemeka. Akalifunga bamba la shaba kwa skrubu nne, moja baada ya nyingine, kwa kupishanisha pembe, kama inavyotakiwa. Nikaanza kumpenda. Kisha akanyanyua mpira, akautazama tundu hadi tundu.

"Kaka," akasema, "mimi napiga windo, naweka ramu, nabadilisha hadi disiki. Hii ina mipira. Tafuta fundi bomba."

Akakunja vifaa, akapokea chake, akashusha miwani machoni.

Fundi bomba wetu ni mzee wa mtaani, ndiye aliyetufungia tenki la juu. Nilimwamkia, akaitikia, akavua kandambili mlangoni na kuketi kwenye kigoda mbele ya ile mashine bila kuonyesha mshangao wowote. Alichukua fitingi moja, akaizungusha kwenye vidole. Mimi nilishaipima kwa rula, uzi wake una upana wa milimita 13 hivi, nikamwambia ni nusu inchi.

"Hii robo," akasema.

Nikamwonyesha rula. Hakuitazama. Uzi wa bomba, akanieleza, hauitwi kwa upana unaouona nje. Nikachukua boksi nikasoma: G1/4. Mtengenezaji wa vifaa vya kompyuta huko alikokuwa, na mzee wa Sinza mwenye spana iliyoota kutu, walikuwa wanatumia vipimo vilevile. Nilisikia fahari ambayo sijui hata ilikuwa ya nini.

Ila fitingi hizi zina pete ya mpira chini yake, na pete hiyo ndiyo inayozuia maji. Zinakazwa kwa vidole, basi. Mzee akatoa tredi tepu.

"Mzee, hizi hazihitaji tepu."

"Maji hayajui hizi wala zile," akanijibu, akaviringisha tepu. Kisha akashika spana. Nilifungua mdomo nimkataze, lakini kumkataza mzee uliyemwamkia dakika kumi zilizopita kunahitaji maandalizi. Tenki likalia *ka*. Si sauti kubwa. Ufa mwembamba ukatoka kwenye tundu la fitingi na kushuka ubavuni, urefu wa ukucha. Mzee aliutazama ule ufa. Akanitazama mimi. Akautazama tena.

"Plastiki za siku hizi," akasema.

Alimaliza kufunga mipira yote, safi, hakuna uliojikunja. Nilipomwomba anishikie waya wa pampu akarudisha mikono nyuma: yeye na umeme hawajuani. Hayo ni ya yule kijana wa mwanzo.

Kulanti haipo, kwa hiyo nilihitaji maji yaliyotoneshwa. Maji safi kabisa hupitisha umeme kwa shida sana. Kinachoupitisha ni chumvi na madini yaliyomo, na hayohayo ndiyo yanayoziba vijia vya shaba. Maji ya namna hiyo kwetu huuzwa vituo vya mafuta, kwa ajili ya betri. Nikaenda.

"Maji ya betri," nikasema.

"Makali au ya kuongezea?" akauliza dada wa kituo. Makali ni asidi.

"Ya kuongezea."

"Betri ya gari au ya sola?"

"Ya kompyuta."

Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita msimamizi. Msimamizi akaniuliza taratibu kama ninajua kwamba kompyuta haitiwi maji. Nikamwambia ni ya gari. Nikauziwa mara moja.

Kabla ya kuwasha chochote, mfumo hujaribiwa kama unavuja. Unaunganisha waya wa kijani wa pawa saplai na waya mweusi kwa kipande cha waya, ili pampu peke yake ipate umeme na mazabodi ibaki imelala. Kila kiungo unakizungushia tishu. Unaacha pampu izungushe maji kutwa kucha, nawe unakagua: tishu ikilowa, umejua pa kuvuja. Nilitumia tishu za chooni, bandali zima, na mashine ikabaki imefungwa bandeji kila mahali. Mama alipita usiku kwenda kunywa maji, akasimama mlangoni.

"Pole yake," akasema, akaendelea na safari.

Sasa yote haya yaliangukia mwishoni mwa mwaka 2022. Wakazi wa Dar es Salaam wanaujua mwisho ule wa mwaka: mvua zilichelewa, Mto Ruvu ukapungua, jiji likaingia kwenye mgawo wa maji. Kisima chetu nacho kikaanza kutoa hewa. Ndoo zilipangwa barazani kwa madaraja, ya kunywa, ya kupikia, ya chooni, na mke wangu alijua kina cha kila moja. Katika hali hiyo, mtoto wa mwisho akaingia chumbani kwangu, akaliona tenki lile linaloonyesha ndani, maji meupe peee yakizunguka na kutoa viputo. Alitoka mbio.

"Mama! Maji yapo kwa baba!"

Familia nzima ilikuja kushuhudia. Nilieleza kuhusu chumvi, kuhusu vijia vya shaba, kuhusu maharusi wa Disemba. Mke wangu aliniacha nimalize.

"Sisi tunaoga nusu ndoo," akasema. "Kompyuta inaoga maji ya dukani."

Na ni kana kwamba tenki lilisikia maneno hayo likaona haya, maana jioni ile ufa ulianza kutoa machozi. Tone moja lilijikusanya chini ya fitingi, likanenepa, likaning'inia, likaangukia juu ya kadi ya picha, ambayo bei yake sikuwahi kumwambia mtu yeyote nyumbani. Nilichomoa umeme. Nikampigia mzee wa bomba. Akasema bomba zake hazina tatizo, hiyo ni plastiki, mwite mwenye plastiki. Nikampigia kijana wa Kariakoo. Akasema, kaka, si nilikwambia hii si kompyuta?

Aliyetamka jina la fundi gari ni mama. Fundi huyo ana gereji nyuma ya msikiti, chini ya mwembe. "Kama ina rejeta," mama alisema, "mpelekee mtu wa rejeta." Mwanamke huyu hajawahi kuigusa kompyuta.

Tuliipakia kwenye bajaji, imekaa kiti cha nyuma nami nimeikumbatia. Pale gereji ikawekwa juu ya meza ya mafundi, kati ya Noah iliyofunguliwa boneti na Probox isiyo na matairi. Fundi akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Inasumbua nini, bosi?"

"Inavuja."

"Rejeta ipo?"

"Ipo."

"Pampu?"

"Ipo."

"Feni zinawaka?"

"Zote tatu."

"Thamostati mmeshaitoa?"

Msomaji aliyewahi kumiliki gari anajua. Thamostati ni kile kifaa kinachozuia maji yasizunguke hadi injini ipate moto, na mafundi wetu wengi wana imani kwamba kiliwekwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Gari ikiingia gereji kwa shida ya taa, inatoka bila thamostati. Nikamwambia hii haina.

"Safi," akasema. "Wamewatolea hukohuko."

Akamwaga maji kwenye kopo safi, akakausha tenki, akachanganya gundi ya mirija miwili, mweusi na mweupe, akaipaka juu ya ufa kwa ncha ya bisibisi. Ilipokauka akavuta kompresa. Nilikinga kadi ya picha kwa mwili wangu hadi alipopunguza upepo. Akauliza rejeta ni ya shaba au alumini. Shaba, nikasema. Akatikisa kichwa kwa kuridhika: ukichanganya shaba na alumini kwenye maji yaleyale, alumini inaliwa taratibu mpaka inatoboka. Akamimina maji, akaongeza kulanti kidogo ya gari kwa ajili ya kutu na ukungu, maji yakawa ya kijani. Kisha akaushika mtambo mzima, akauinamisha huku na huku akiutingisha, viputo vikapanda. Anatoa hewa. Sikuwa nimemwambia chochote. Kila hatua iliyoandikwa kwenye kitabu cha maelekezo aliifanya, na kitabu kilikuwa mfukoni mwangu.

Tishu zilikaa kavu. Tukaichomeka kwenye televisheni ya gereji, ile ya kutazamia mpira, nikafungua programu inayoonyesha joto la prosesa. Wateja waliokuwa wakisubiri magari yao wakasogeza viti. Nyuzi 60. Nyuzi 85. Nyuzi 100. Haikuchukua muda wa kusoma aya hii. Mzee mmoja mwenye Noah akasema imeua gasketi.

Fundi hakusema kitu. Alishika rejeta kwa kiganja kizima. Akaiacha, akaishika tena.

"Ya baridi," akasema. "Maji yanazunguka, nayaona. Injini inaungua, rejeta ya baridi. Basi moto haujafika kwenye maji. Kuna kitu katikati."

Akaomba nizime. Akafungua zile skrubu nne, akalinyanyua bamba la shaba, akalielekeza kwenye jua. Kati ya shaba na pesti, imelala vizuri bila hata kukunjamana, kulikuwa na karatasi nyembamba ya nailoni ya kulinda shaba isikwaruzwe njiani. Pembeni ilikuwa na kilimi chekundu cha kuivutia na maandishi ya kuomba iondolewe kabla ya kufunga. Fundi alikishika kilimi kwa kucha mbili zenye grizi, akaivuta ile nailoni polepole mpaka ikatoka, akaniwekea kiganjani.

Nilimpigia kijana wa Kariakoo palepale, nimeiweka simu kwenye spika ili umma usikie.

"Kaka," akasema, "hiyo nailoni ilikuja na mzigo wako."

Sirinji ya pesti ilikuwa imebaki kwenye boksi. Tukapaka upya, tukafunga, tukawasha. Nyuzi 50. Nyuzi 66. Ikapanda ikifikiri, ikakaa kwenye 79. Nikaipa harusi nzima. Themanini na moja, ikagoma kupanda tena. Pale juu ya televisheni ya gereji, mbele ya mafundi, wateja na muuza kahawa, bibi harusi alikishusha kisu na kuikata keki kwa mkupuo mmoja, na mwenye Noah akapiga makofi.

Ningeishia hapo ningeonekana mshindi. Ila fizikia ya sekondari ina sheria yake, kwamba nishati haiumbwi wala haiharibiwi, na sheria hiyo haina likizo. Wati zangu 241 hazikwenda popote. Zamani zilijibana kwenye prosesa na kumsumbua yeye. Sasa zilichukuliwa na shaba, zikapelekwa na maji, zikapanuliwa na rejeta, zikapulizwa na feni tatu kwa utaratibu mzuri hadi mwisho wa safari, na mwisho wa safari ilikuwa ni magoti yangu. Kila idara ilitimiza wajibu. Mashine ilipoa. Mimi nikawa nahariri harusi nikiwa na taulo shingoni. Kisha, kwa kuwa rejeta haiwezi kupoza maji yakawa baridi kuliko hewa inayoipuliza, chumba kilivyozidi kuwa cha moto ndivyo maji yalivyozidi kupanda nayo, na mimi na prosesa tukaanza kupandishana.

Nyumbani, hata hivyo, mfumo ulipata heshima kwa njia ambayo hakuna kitabu cha maelekezo kilichoiwaza. Masika yalipoingia, nguo za shule hazikauki siku tatu. Asubuhi moja nikakuta soksi nyeupe zimetandazwa juu ya feni za rejeta, jozi kwa jozi, zikitikisika kwa upepo wa moto. Nikauliza. Mke wangu akasema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza zuri kuhusu mradi huu, "Leo una harusi ndefu au fupi? Kuna masweta pia."

Lakini soksi zikiziba feni prosesa inapanda, na sweta la kidato cha pili halipitishi hewa. Ikabidi nitafute dirisha la mwisho, na safari hii nasema dirisha la kweli. Niligeuza meza, nikaisogeza mashine ukutani, rejeta ikatazama nje kupitia nondo. Mabadiliko yalikuwa ya papo hapo. Chumba kilitulia, prosesa ikashuka hadi nyuzi 74, taulo likarudi bafuni. Kwa mara ya kwanza kila mtu katika mnyororo ule alikuwa amemkabidhi mwenzie na hakuna aliyebaki na mzigo.

Isipokuwa Sinza nyumba zimebanana. Mkono mmoja kutoka dirisha langu ndipo kilipo kibaraza cha jirani, na kwenye kibaraza hicho ndipo anapopumzika akitoka kazini. Siku za mwanzo alisogeza kiti. Kisha akaja kuuliza, kwa adabu zote, kama tumefungua mgahawa. Nikamweleza kuhusu shaba, maji na rejeta, nikamweleza kwamba mimi binafsi joto lile silizalishi, linatoka kwa maharusi. Akanielewa, tukaagana vizuri.

Juzi amenunua feni ya kusimama, kubwa, ya mabawa ya chuma. Ameielekeza dirishani kwangu.